Okidi za Nane Nane: tazama chungu kabla ya ua

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nakaa Moshi, Shanty Town, na nina okidi chache barazani. Mwaka jana nilinunua tatu kwenye maonesho ya wakulima ya Nane Nane pale Themi, Arusha, zile za maua mapana kama kipepeo, zote zikiwa zimechanua vizuri. Kufika Desemba mbili zilikuwa zimekufa, na ya tatu imebaki na majani mawili yaliyokunjamana ingawa naimwagilia kila siku. Mwaka huu nataka kwenda tena, nina laki mbili. Nichague vipi, na nikifika nazo nyumbani nianze na nini?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na hiyo ya tatu, maana bado iko hai na nusu ya majibu unayotafuta yamo ndani ya chungu chake. Leo itoe. Minya chungu pande zote, shika mmea chini ya majani, vuta polepole. Katikati kabisa ya mizizi, karibu na shina, kuna uwezekano mkubwa ukakuta donge lenye ukubwa wa kikombe cha kahawa, limelowa chepechepe hata kama magome ya mti yaliyojaza chungu pembeni yamekauka. Hilo ni donge la kuvumwani, ile mimea laini kama sifongo inayoota kwenye miamba yenye unyevu. Mche ulikuzwa humo ukiwa mdogo, kisha aliyeuhamishia kwenye chungu kikubwa hakuliondoa. Kwa mwenye kitalu si tatizo, kwa sababu anamwagilia kwa kipimo na ana feni za kupitisha hewa. Barazani kwako donge hilo halikauki.

Sasa bonyeza mzizi mmoja mmoja. Ulio hai ni mgumu, una rangi ya fedha ukiwa mkavu na unageuka kijani ukilowa. Uliokufa unabonyea, unatoa maji ya kahawia, na ukiuvuta ganda lake linachomoka lote kama soksi, unabaki na uzi mwembamba mkononi. Majani ya okidi yakikunjamana, wengi husoma kiu na kuongeza maji. Kweli mmea una kiu, ila hauna cha kunywea, mizizi imeoza. Kila kikombe unachoongeza kinaozesha na ile iliyosalia.

Ondoa donge lote kwa vidole. Pitisha mkasi kwenye moto hadi uwe wa moto, uache upoe, kata kila mzizi uliooza hadi sehemu ngumu, na uguse sehemu ulizokata kwa mdalasini wa unga kidogo. Usiupake kwenye mizizi mizima, unaikausha. Acha mmea kivulini siku moja, kisha uweke kwenye chungu kidogo chenye upana wa sentimita 8 hadi 10, ndani yake magome tu. Mwagilia magome yakikaribia kukauka, si kila siku. Majani hayo mawili hayatanyooka tena, usiyasubiri. Kinachosubiriwa ni ncha mpya ya mzizi yenye rangi ya kijani, na inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu.

Zile mbili zilizokufa sikuziona, lakini mwezi wa Desemba unasema mengi. Ulizinunua Agosti kwenye baridi, zikaishi kwa akiba ya majani Septemba na Oktoba, kisha vuli ikaingia. Baraza likiwa wazi upande mmoja, mvua ya usiku inajaza maji pale katikati majani yanapokutana, na maji yakilala humo moyo wa mmea unaoza. Ukivuta jani la juu na likachomoka bila kukataa, umeshachelewa. Aina hii ya maua ya kipepeo, Phalaenopsis, haina shina la pembeni la kurithi nafasi kama nyingine. Moyo ukioza, mara nyingi basi.

Tuje Themi. Nane Nane huwa tarehe 1 hadi 8 Agosti, na Agosti ni baridi ya Arusha. Mji uko kwenye mita kama 1,400, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Okidi iliyotoka Dar au Tanga ikalala kwenye banda la turubai wiki nzima inapata mshtuko ambao hutauona siku hiyo: maua hudumu siku kadhaa, ila vitumba vinaanza kugeuka njano na kudondoka. Kwa hiyo nenda siku tatu za mwanzo. Tarehe 8 jioni bei hushuka, ni kweli, lakini mmea umeshakula vumbi, umeshikwa na mikono ya watu mia, na umemwagiliwa na kijana aliyeachiwa banda. Siku ya mwisho nunua mimea migumu isiyo na maua tu.

Beba vitu vitano: tochi ya simu, karatasi nyeupe ya tishu, kalamu isiyofutika, boksi la katoni lenye magazeti, na kijiti cha mshikaki kilicho kavu. Kijiti hicho ni cha chungu. Kichomeke hadi katikati, hesabu dakika tano huku mkizungumza bei, kitoe. Kikitoka kimelowa na kunusa kama tope la mtaro, rudisha chungu mezani. Kikitoka na unyevu kidogo na harufu ya mti mbichi, endelea.

Shika mmea karibu na shina uutikise kidogo. Uliokamata chungu unatikisika na chungu chake. Unaocheza peke yake ama umepandwa wiki hii kwa ajili ya maonesho, ama hauna mizizi. Chungu kikiwa cha plastiki angavu, una bahati, mulika pembeni na uhesabu mizizi ya kijani na ya fedha. Kikiwa cheusi, pindua utazame matundu ya chini. Kisicho na matundu kabisa, kile cha urembo, kitoe uone maji yaliyokaa ndani. Muuzaji mzuri hakasiriki ukifanya haya. Anayekasirika amekupa jibu.

Kisha majani. Geuza upande wa chini na upitishe tishu nyeupe kutoka shina hadi ncha. Ikitoka na rangi ya kutu, kuna utitiri mwekundu, wadogo mno kuonekana kwa macho. Mulika pale jani linapokutana na shina: pamba nyeupe ni vidung'ata, na vijigamba vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu magamba. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta zaidi, kwa sababu sisimizi hufuga wadudu hao kwa ajili ya maji yao matamu. Wadudu wachache kwenye mmea mzuri wa aina unayoitaka si mwisho wa dunia, wanatibika. Doa la majimaji linalonuka ni bakteria, mmea huo usiununue, na usiguse mmea wa jirani kwa mkono huohuo.

Kisichotibika ni virusi. Kwa okidi viwili ndivyo vinavyosumbua zaidi duniani, kile cha mozaiki ya Cymbidium na kile cha pete cha Odontoglossum, na vyote husafiri kwa utomvu kwenye visu na mikasi. Tazama jani dhidi ya mwanga: michirizi ya njano isiyofuata mpangilio, au mabaka meusi yaliyobonyea. Kwenye ua, rangi inakatika vipande kana kwamba imemwagikiwa jiki. Mmea unaweza kubeba virusi bila dalili yoyote, na ndiyo maana muuzaji akitaka kukukatia kipande, mwambie apitishe kisu kwenye moto kwanza. Kipande chenyewe kiwe na mashina manene yasiyopungua matatu, na walau jicho moja zima chini linaloweza kuchipua. Cha shina moja ni bei rahisi kwa sababu kitakusubirisha miaka.

Ua ndilo la mwisho kutazamwa. Kwa Phalaenopsis chagua bua lenye maua mawili matatu yaliyofunguka na vitumba kadhaa mbele. Lililofunguka lote limeshakula nusu ya muda wake dukani. Majani yawe manne au zaidi, magumu. Ukikutana na ya bluu iliyokolea kama wino, jua kwamba ni wino kweli: rangi imedungwa kwenye bua, tafuta tundu dogo lililozibwa kwa nta. Mwakani itachanua nyeupe. Si wizi kama ameambiwa mnunuzi, ila usiilipie zaidi ya nyeupe.

Sasa aina, na hapa ndipo Moshi na Arusha zinapoachana. Wewe uko kwenye mita 800 hadi 900, Januari hadi Machi mchana unavuka nyuzi 30. Mtego mkubwa wa maonesho ya Agosti ni Cymbidium, ile yenye majani marefu kama nyasi na mabua ya maua mazito yanayodumu wiki nyingi. Inapendeza kuliko zote bandani, na mtu wa Ilboru au Ngaramtoni anaweza kuichukua bila wasiwasi. Lakini ile ya maua makubwa inahitaji usiku wa nyuzi 10 hadi 14 kwa wiki kadhaa ndipo itoe maua. Mjini Moshi itakupa majani mazuri ya kijani mwaka hadi mwaka, basi. Kama una ndugu Marangu au Kibosho, mpelekee yeye.

Kwako nunua Dendrobium za mashina marefu, zinazostahimili joto na makosa. Usiogope shina lisilo na jani hata moja: si mfu, ni ghala la maji na chakula, na linaweza kuchanua tena. Kwa sababu hiyohiyo Dendrobium isiyo na ua huuzwa bei ya chini na watu wanaipita, wakati kama mashina yamejaa na kuna chipukizi jipya chini ni mali. Cattleya nayo inafaa, tafuta yenye mashina manne au zaidi na chipukizi linaloanza kutoa mizizi. Oncidium za maua madogo ya njano pia. Vanda ni ya Moshi hasa, inapenda joto na mwanga, ila mizizi yake inaning'inia hewani bila chungu na inataka maji kila asubuhi. Kama unasafiri mara kwa mara, iache. Phalaenopsis moja tu, kwa vile kwanza tunataka kujua hili la donge limeisha. Miche ya chungu cha inchi mbili acha, mingi itakuomba miaka miwili mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza.

Katika laki mbili yako, tenga kama elfu hamsini usiiguse bandani. Ni ya magome, vyungu na neti ya kivuli. Watu hununua okidi kwa fedha yote kisha wanazipanda kwenye udongo mweusi wa bustani na samadi, mizizi inakosa hewa, na mwezi wa pili lawama zinakwenda kwa muuzaji.

Chukua lebo, na kama haipo mwulize jina uliandike palepale kwenye kibao cha plastiki kwa kalamu yako, pamoja na tarehe. Jina ndilo litakalokuambia mwakani kama mmea ni wa joto au wa baridi.

Utamkuta pia anayeuza okidi zisizo na chungu, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, mizizi imekatika mifupi na vipande vya gome la mti wa porini bado vimeng'ang'ania. Nyingi huwa Ansellia, ile ya maua ya njano yenye madoa ya chui, au Aerangis nyeupe zinazonukia usiku. Hizo zimebanduliwa msituni. Msitu wa hifadhi wa Kilimanjaro uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kwenye misitu mingine ya hifadhi Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Weka sheria kando kidogo, hata kama biashara ni hasara kwako: okidi hizi hushikilia mti kwa mizizi mingi, na ikishakatika, mmea mkubwa unaweza kuchukua miaka kurudi au usirudi kabisa. Ansellia iliyokuzwa kitaluni ipo, ina chungu, ina mizizi myeupe iliyosimama wima kama sindano, na itafurahia jua la Moshi.

Na ukivutiwa kwenda kutafuta Nairobi, usivuke Namanga na okidi kwenye begi. Okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mmea wowote hai unataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka ulikotoka. Ulizia kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yake makuu yako Arusha hapohapo.

Safari ya kurudi. Simamisha vyungu ndani ya boksi, jaza magazeti katikati visicheze, na kila bua la maua liegemee kijiti. Usiziache kwenye gari lililofungwa juani unapokula nyama choma, dakika ishirini zinatosha kuunguza majani. Ukisimama Tengeru kununua ndizi, mbivu zisikae pamoja na okidi. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha wenzake kwenye pipa, na vitumba vya okidi vikiivuta kwenye buti lililofungwa hadi Moshi, kesho yake vinaanza kudondoka. Mbichi za mtori hazina shida.

Nyumbani, mpya zisikutane na za zamani kwa wiki sita. Ziweke umbali wa mita tatu, na kamwe zisining'inizwe juu ya nyingine, maana maji yanayodondoka hubeba mayai ya wadudu na magonjwa. Siku ya kwanza tumbukiza kila chungu kwenye ndoo hadi ukingoni, nusu saa, bila kulowesha moyo wa mmea. Konokono, jongoo wadogo na sisimizi watapanda juu, waokote. Vanda haina chungu, suuza mizizi tu. Siku ya pili changanya mililita 5 za sabuni ya maji, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa lita moja ya maji, na upulizie chini ya majani jioni, kisha suuza asubuhi. Rudia siku ya 9 na ya 16 hata kama huoni kitu, kwa sababu sabuni haiui mayai. Vidung'ata vilivyojificha viguse kwa pamba yenye spiriti.

Yenye maua na mizizi mizuri usiihamishe chungu hadi maua yaishe. Yenye donge lililooza ihamishe wiki hiyohiyo, maua kata uweke mezani kwenye glasi. Mchanganyiko wa Moshi: sehemu sita za magome ya paini, mbili za mkaa uliovunjwa, moja ya kokoto nyepesi za volkano, moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwa. Magome utayapata kwenye viwanda vya mbao vinavyopasua miti ya mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai. Chagua yaliyokaa muda mrefu, vunja vipande vya sentimita moja hadi mbili, loweka usiku kucha. Usichukue ya saipresi, yana nyuzi na yanageuka tope. Makumbi yaloweke saa 24 ukibadilisha maji mara mbili ili kutoa chumvi. Chungu kitoshe mizizi tu. Kikubwa kinakaa na maji, na tumerudi kwenye donge.

Maji una nafuu. Chemchemi za Kilimanjaro hutoa maji mepesi kuliko upande wa Meru, ambako magadi na floraidi ni nyingi (muulize yeyote aliyekulia Maji ya Chai kuhusu meno). Wenzako wa Arusha wakinge maji ya mvua, la sivyo ncha za mizizi na majani hukauka rangi ya kahawia.

Kwa mwanga, simama saa sita mchana na unyooshe kiganja sentimita 30 juu ya jani. Kivuli kisichoonekana kingo zake kinafaa Phalaenopsis. Chenye kingo za wastani ni cha Cattleya, Oncidium na Dendrobium, chini ya neti ya asilimia 50. Chenye kingo kali kidogo ni cha Vanda. Mmea uliotoka bandani usiupeleke juani siku hiyohiyo, anza kivulini na uusogeze kidogo kila wiki. Jani likiwa la moto ukiligusa, rudisha nyuma. Kabla ya Novemba, ziba upande wa baraza mvua inapoingilia, au isogeze Phalaenopsis ndani zaidi kwa mita moja. Maji yakiingia moyoni, yakaushe kwa ncha ya tishu kabla ya usiku.

Mbolea isubiri. Ukinunua tarehe 2 Agosti, wiki sita zinaishia katikati ya Septemba. Wakati huo tafuta ncha za kijani kwenye mizizi. Zenye ncha zipe NPK 20-20-20, nusu kijiko cha chai kwa lita 5, mara moja kwa wiki, na wiki ya nne maji matupu mengi ya kusuuza chumvi. Zisizo na ncha, pamoja na hiyo yako ya majani mawili, ziendelee na maji tu.